Eti "Wamezoea Vumbi"

Nimeitazama ile video mara sita sasa. Ni ya sekunde ishirini tu. Pikipiki tano zinakata barabara ya changarawe, jua la kiangazi limesimama utosini, na nyuma yetu vumbi limeinuka kama ukuta. Rafiki yangu aliyeipiga akaitilia muziki, sifa zikamiminika: hatari sana, mnafaidi nyie, lini mnanichukua. Sawa. Itazame tena basi, ila safari hii usituangalie sisi. Angalia kona ya chini, upande wa kushoto. Kuna nyumba, kuna kamba ya nguo, na kuna mama aliyemfunika mtoto uso kwa kiganja chake.

Nikampigia simu. "Kaka, umemwona yule mama?"

"Mama yupi?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo. "Aah, wale wameshazoea bwana. Si wanakaa hapohapo barabarani?"

Wameshazoea. Nimekula vumbi kutwa nzima siku ile, lakini ni neno hilo lililonikwama kooni.

Huyu anayesema watu wamezoea namfahamu vizuri. Asubuhi ya safari alinionesha filta yake ya hewa kwa fahari ya mzazi. Sponji ameiosha, ameikausha kivulini, ameipaka mafuta yake maalumu mpaka inanata vidoleni, halafu juu yake ameivisha soksi nyembamba ya kunasa mchanga. Anajua kwamba punje zikipenya hadi kwenye silinda zitaisaga pistoni na ringi zake kama msasa. Spea anayo begini. Jioni akirudi, kazi yake ya kwanza, hata kabla ya kuoga, ni kuifungua na kuiosha upya. Miaka yote hiyo injini yake imekataa katakata kuzoea vumbi. Mapafu ya mtoto wa miaka mitatu, hayo ndiyo yamezoea!

Nisije nikadhaniwa nimeokoka ghafla na kuacha pikipiki. Naipenda barabara ya vumbi kuliko ya lami, na siku ile ilikuwa tamu. Tuliondoka alfajiri, umande ungali umelilaza vumbi, changarawe imekaza, na ukiangalia nyuma huoni kitu ila alama za tairi. Tulikuwa tumepunguza upepo kidogo ili tairi zishike. Unasimama juu ya vikanyagio, magoti umeyalegeza, usukani unaushika kama unavyoshika kifaranga, pikipiki inacheza chini yako na wewe unaiacha icheze. Mgeni anaukaba usukani na kuangalia jiwe lililo mbele ya tairi, na jiwe unaloliangalia ndilo utakaloligonga. Unatazama mbali, unakotaka kwenda. Nimeeleza hivi kama fundi, lakini saa tatu asubuhi hiyohiyo nililala chini kwenye mchanga, konani, mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu niligusa breki ya mbele tairi ikiwa imekata. Walicheka kwanza, wakaniinua baadaye.

(Wale wanaoniuliza ninunue pikipiki gani kubwa kwa safari za vumbi: BMW R 1300 GS ina kilo 237 ikiwa na mafuta yake. Iangushe mara tatu peke yako mchangani, halafu tuongee. Cyril Neveu alishinda mbio za kwanza za Paris–Dakar, zile za kuvuka jangwa, mwaka 1979, kwa Yamaha XT500 ya silinda moja tu.)

Saa tano jua likakausha kila kitu na vumbi likaamka. Hapo ndipo msafara unapoachana, kila mtu anarudi nyuma mpaka aone njia, na kwenye njia panda unamsubiri aliye nyuma yako asije akapotea. Tunaufuata utaratibu huo kama ibada. Hakuna anayekubali kula vumbi la mwenzake. Na hapa ndipo kichekesho kilipo. Mchana ule lori lilitupita kwa kasi, likatuacha gizani kabisa, na aliyetoa ngumi hewani na kumlaani dereva kwamba hana utu alikuwa ni huyuhuyu mwenye video. Tulisimama kando dakika kadhaa tukikohoa. Hatukuzoea. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: lile vumbi ni barabara yenyewe, inaondoka. Barabara ya changarawe haishikwi na mawe makubwa. Inashikwa na ule udongo laini unaojaa katikati yao na kuyafunga. Ndiyo maana wenye barabara, pale penye uwezo, humwagia maji au chumvi ya kalsiamu kloraidi, ambayo huvuta unyevu hewani na kuulaza udongo. Udongo ukipeperuka, mawe yanabaki yatima, yanaviringika, yanasukumwa pembeni, na barabara inageuka kuwa kokoto zisizo na mwenyewe. Na vumbi huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Kwa hiyo wingu lile zuri la kwenye video ni gundi ya barabara tunayoipenda, tumeing'oa na kuimwaga kwenye nguo za mtu.

Halafu tunalalamika kuhusu mawimbi! Yale matuta madogomadogo kama bati, yanayokutikisa mpaka meno yanagongana na boliti zinajifungua. Tunalaumu malori, tunalaumu mvua, tunalaumu wakandarasi. Mwaka 2007 Stephen Morris wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio rahisi ajabu: meza ya duara inayozunguka, mchanga juu yake, na gurudumu moja linaloviringika. Chini ya mwendo fulani mchanga ulibaki tambarare. Walipouvuka mwendo huo, mawimbi yakajitokeza yenyewe, hata gurudumu lilipokuwa halina springi yoyote. Kwa hiyo hata ile hoja yetu kwamba ni shokapu mbovu za malori haisimami. Ni mwendo. Tunapita kwa kasi, barabara inakunjamana, kisha tunaongeza kasi ili tuyapae mawimbi tusiyasikie, na anayekuja nyuma anayakuta yamenenepa.

Najua mtakavyojibu. Kwamba mwendo wa kuzuia mawimbi kabisa ni mdogo kiasi kwamba heri ushuke uisukume. Kweli. Kwamba pikipiki tano si kitu mbele ya malori hamsini. Nalo ni kweli, ingawa dereva wa lori walau anapeleka mzigo mahali, sisi tulikuwa tunapeleka nini? Kwamba changarawe inahitaji mwendo kidogo, ukienda taratibu mno pikipiki inayumba. Haya, nakubali, kwa shingo upande. Sijasema tutambae safari nzima. Kwenye kilomita za porini zisizo na mtu, fungua mafuta mpaka roho itulie. Nasema pale penye nyumba. Penye kamba ya nguo, penye mtu anayetembea kwa miguu, penye mtoto. Mita mia mbili. Shusha gia mbili, acha wingu lishuke, pita, salimia kwa mkono, endelea na maisha yako. Sekunde ngapi hizo? Kituo chetu cha kupiga picha pale juu mlimani kilitula dakika arobaini, na hakuna aliyesema tunachelewa.

Nilimwambia hayo yote kwenye simu. Alinyamaza, kisha akaniuliza swali moja: "Kwani wewe siku ile ulipunguza?"

Pikipiki ya tatu kwenye video, ile ya mwenye jaketi la bluu, haipunguzi. Inapoifikia nyumba inaongeza, ili itoke kwenye vumbi la zilizo mbele. Unausikia hata mlio wake ukipanda. Mkono wa yule mama haukuwa umefika usoni mwa mtoto zilipopita mbili za kwanza. Ulifika ya tatu ilipopita.

Jaketi nimelifua mara mbili. Maji bado yanatoka mekundu.