Hii Ikifa, Itakufa na Nani?

Gari lilizimika Barabara ya Thika, Nairobi, nikiwa nimeshapita Allsopps kuelekea mjini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Halikukohoa wala halikutoa moshi. Taa za dashibodi ziliwaka zote kwa pamoja, usukani ukawa mzito, nikalipeleka kando kwa kasi iliyokuwa imesalia. Nilipojaribu kuliwasha tena, stata ilizunguka kwa wepesi wa kutisha, mithili ya baiskeli iliyochomoka mnyororo. Mwenye Subaru akiusikia mzunguko ule, roho humtoka kabla hata boneti haijafunguliwa.

Forester yangu ina injini ya EJ20, na injini hiyo haisamehe. Belti ya taimingi ndiyo inayofanya krankishafti, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, inayofungua valvu, ziende pamoja. Ikiruka meno, pistoni huja valvu zikiwa bado wazi, na hapo chuma hukutana na chuma. Brekidauni ilinivuta hadi Baba Dogo kwa fundi wangu, mzee aliyenitengenezea magari tangu nikiwa na Corolla ya kwanza. Alifungua vifuniko vya mbele taratibu, akanionyesha belti. Ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeinunua orijino, na ilikuwa na miezi saba tu. Kilichokufa ni beringi moja kati ya zile ambazo belti hiyo huzunguka juu yake; ilipokwama, belti ikaruka meno.

Aliniwekea mkononi. Ilikuwa imebadilika rangi kuwa ya samawati kwa joto, na kwenye kizibo cha mpira hapakuwa na hata alama ya grisi. Nilipoizungusha kwa kidole ilikwaruza kama iliyojaa mchanga, ikakwama, kisha ikazunguka tena. Akaingia ndani, akatoka na ile ya zamani tuliyoing'oa miezi saba nyuma, ambayo alikuwa ameitupa kwenye ndoo ya vyuma. Hiyo ilikuwa imekwenda zaidi ya kilomita laki moja. Niliizungusha: ikaenda polepole, kwa uzito, kimya, bado ina grisi yake. Pembeni ilikuwa na maandishi madogo, Koyo, Japan.

"Hii nyingine ulinunua bei gani?" akaniuliza.

Shilingi 900. Ya Koyo ilikuwa 3,800. Belti ilikuwa imekula pesa, nikajiambia beringi ni beringi. Valvu sita zilipinda, silindahedi zote mbili, yaani vichwa vya injini vinavyobeba valvu, zikashushwa, na bili ikafika shilingi 86,000 kabla ya oili.

Mzee hakunigombeza. Alisema, "Kijana wangu, wewe uliuliza kama spea ni orijino au si orijino. Swali si hilo. Jiulize, hii ikifa, itakufa na nani?"

Tangu siku ile sijanunua spea ya injini bila kujiuliza hivyo, na ninaamini ndilo swali pekee la maana kwa mwenye gari mjini hapa. Huwa tunabishana vibaya. Wako wanaoapa kwamba kitu kisichotoka kwenye boksi la Toyota au Subaru ni takataka. Wengine wanasema zote zinatoka kiwanda kimoja, unalipia nembo tu. Kila upande una kipande cha ukweli, na kila upande unapoteza pesa za watu.

Chukua boksi kwanza. Toyota haifinyangi plagi zake yenyewe. Plagi nyingi zinazokuja na magari yake ni za Denso, kampuni iliyokuwa idara ndani ya Toyota hadi ilipojitenga mwaka wa 1949. Pampu nyingi za maji ni za Aisin. Shokabu utakuta ni za KYB. Kwa hiyo ukinunua pampu ya Aisin ndani ya boksi la Aisin, mara nyingi umepata kazi ya mikono ile ile kwa bei ya chini, na kuiita "si orijino" ni kujidanganya. Hapo wale wa upande wa pili wamesema kweli. Wanapopotea ni kudhani kwamba kila kitu kisicho na nembo ya gari kina hadhi ya Aisin. Beringi yangu ya shilingi 900 ilikuwa na boksi zuri sana, lenye rangi, na jina ambalo sikuwa nimewahi kulisikia.

Halafu kuna feki, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Nenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, uulize filta ya oili ya Toyota Fielder. Utaletewa boksi jeupe na jekundu, maandishi ya Toyota, nambari ya spea, kila kitu. Duka la tatu litakuletea boksi hilo hilo kwa nusu ya bei. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Tofauti iko ndani: kuna mpira unaozuia oili isirudi chini gari likizimwa, na valvu ndogo inayoachilia oili ipite filta ikiziba. Kwenye feki mpira huo huwa mgumu kama plastiki, au haupo. Ndiyo maana gari linagonga sekunde mbili tatu ukiliwasha asubuhi. Injini ya 1NZ iliyo kwenye Fielder na Probox nyingi ina mnyororo wa taimingi, na kikaza mnyororo hufanya kazi kwa presha ya oili. Kila asubuhi mnyororo unalegea, unapiga, unalika. Filta ya shilingi 400 inakufa na mnyororo. Ikibana mwendo wa oili, inakufa na beringi za krankishafti, na hapo unatafuta injini nyingine.

Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, na ina mamlaka yake. Maboksi bado yanauzwa mchana kweupe. Ninaposema hivi watu huniambia ndiyo biashara, kila mtu anatafuta unga. Sikubali. Anayeuza filta ya boksi la kuiga anajua anachouza, na anayekwama usiku na watoto ndani ya gari kule Kinungi hajui alichonunua.

Kuhusu spea za mitumba kutoka Japani nina msimamo ambao umewaudhi rafiki zangu wawili. Altaneta, ile inayochaji betri, iliyotumika kule, iliyong'olewa kwenye gari zima, ninaichukua mbele ya mpya isiyo na jina. Injini nzima pia, ukiisikia ikiunguruma kwanza. Lakini mpira na beringi, hapana. Pampu ya maji iliyotumika, belti iliyotumika, kikaza kilichotumika: hivyo vimekwisha kula maisha yake. Kumbuka magari tunayoagiza yanaruhusiwa kuingia hadi umri wa miaka minane. Belti iliyofika na gari imeshaona joto na baridi nyingi, na kijitabu cha huduma kilichoandika wakati wa kuibadilisha kiko kwenye droo ya dashibodi, kwa Kijapani, hakijafunguliwa.

Filta ya hewa nunua ya kampuni yoyote yenye jina, ilimradi iingie vizuri na isiache mwanya. Fenibelti pia.

Themostati je, kile kilango kinachodhibiti maji ya kupoza injini? Mafundi wengi wa hapa huing'oa kabisa, "gari lisichemke." Injini ilitengenezwa ikae na joto lake, na themostati nyingi za Toyota hufunguka karibu na nyuzi 82. Bila hiyo, asubuhi za baridi ya Julai injini inakwenda kazini ikiwa haijapata joto, inameza mafuta na kuchafua oili. Weka nzuri. Na usijaze rejeta maji ya mfereji, weka kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, maana kutu ya maji ndiyo huanza kuua pampu.

Kuna jambo moja hatulisemi kwa sauti, na bila hilo mazungumzo haya yote hayana miguu. Fundi wa mjini analipwa kidogo mno kwa kazi ya mikono. Kushusha silindahedi mbili za Subaru ni siku mbili za mgongo kuinama, na mwenye gari anafika akiomba apunguziwe hadi bei ya kunyolea nywele. Fundi anatabasamu, anakubali, kisha anapata riziki yake kwenye spea: duka linampa chake juu ya kila kitu anachonunua, na duka linalompa nyingi ndilo linalouza vitu hafifu, kwa sababu huko ndiko faida iliko. Tunamlaumu fundi kwa mchezo ambao sisi wenyewe tumeuanzisha. Mimi sasa ninamlipa mzee ufundi wake kamili, bila kubishana, na spea ninanunua mwenyewe kwa nambari ya chesisi. Kwenye nambari ya spea ya Toyota utakuta tarakimu tano, kistari, kisha tarakimu au herufi tano tena. Ninaiandika kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, ninadai risiti yenye jina la duka, na ninaenda na spea ya zamani mkononi.

Huwa nikifika na spea ya zamani lugha ya muuzaji inabadilika. Haniambii tena "hii ndiyo orijino, bosi." Ananiuliza ninataka ya nani.

Jirani yangu hapa Kasarani ana Fielder inayodondosha kulanti pale kwenye kitundu kidogo chini ya pampu ya maji. Ameambiwa bei mbili: 2,500 na 7,500. Jana usiku alinipigia kuuliza kama tofauti hiyo si wizi mtupu. Nilimuuliza pampu ikifa njiani, itakufa na nani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Gasketi ya silindahedi." Kisha akaongeza, "Na hedi yenyewe, ikipinda."

Kesho tunaenda wote Grogan, mapema, kabla barabara haijaziba. Pampu ya zamani ameifunga kwa gazeti. Tutaziweka mbili kwenye kaunta, tuangalie mapanga ya ndani yanayosukuma maji kama idadi na kina chake vinalingana, tuzungushe shafti kwa kidole tusikilize, tuweke uso wa gasketi kwenye mwanga tuone kama umesagwa sawasawa. Pesa zitatoka baadaye.