Gigi hakupewa hadhi na jazz

Juzi nilimsikia mtangazaji mmoja redioni, baada ya kupiga wimbo wa Ejigayehu Shibabaw, mwimbaji wa Ethiopia anayejulikana kama Gigi, akisema kuwa jazz ndiyo iliyoupa muziki wa Ethiopia hadhi. Alisema kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Albamu ulikotoka wimbo huo ni ile ya mwaka 2001 iliyobeba jina lake, Gigi. Wamo Herbie Hancock wa piano na wapiga saksafoni Wayne Shorter na Pharoah Sanders, magwiji wa jazz watupu, wala sipingi. Lakini sikiliza nani anamfuata nani. Gigi anaimba Kiamhari, anaivuta silabi moja hadi inatetemeka kooni, na vyombo vinampisha.

Kwani wangefanya nini? Muziki wa Kihabeshi una skeli zake, yaani ngazi za sauti, za noti tano, tizita, bati, ambassel na anchihoye, na mwimbaji anaweza kukaa juu ya moja wimbo mzima akaichimba hadi chini. Akina Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazz ambaye Hancock na Shorter walipiga naye, walianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kutulia juu ya skeli moja badala ya kukimbiza kordi, yale mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, na dunia ikaita mapinduzi. Waimbaji wa masenqo, fidla ya Kihabeshi yenye uzi mmoja, walikuwa huko zamani sana. Na mdundo wa chikchika, ule wa mapigo sita unaochechemea, unakaa vizuri na swing, mwendo wa jazz, kwa sababu swing nayo hugawa pigo kwa tatu. Huku ni kukutana kwa watu wazima wawili. Hakuna aliyemwinua mwenzake.

Haya, nakubali: bila Bill Laswell, mtayarishaji na mpiga besi wa albamu hii, pengine wengi tusingeisikia. Ila besi yake kuna mahali inamkaba mwimbaji, na hilo sitalisamehe.

Tena humo humo kuna Adwa, wimbo wa vita vya 1896, Waethiopia walipoishinda Italia. Dada huyu anawaimbia waliokufa ili yeye azaliwe huru. Wimbo kama huo uombe hadhi kwa nani?

Na Gigi aliishi hapa Kenya kabla ya kwenda Marekani, jirani yetu kabisa. Redio zetu ziipige albamu nzima, nyimbo kama Abay na Bale Washintu, zote, na zitaje jina la mwimbaji kabla ya majina ya wapiga saksafoni.