Tarehe 20 haiijui GMAT

Kila nikisoma ushauri wa kujiandaa na mtihani wa GMAT huku umeajiriwa, nakutana na yule mtu anayeamka saa kumi alfajiri. Anasoma saa mbili, anakimbia, anakunywa maji ya limau, halafu anaingia kazini anatabasamu. Mimi naishi Kinyerezi, Dar es Salaam, ni mhasibu wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na saa kumi na mbili kasoro natakiwa niwe nimeshapata siti kwenye daladala. Nilimwiga yule mtu siku tisa. Siku ya kumi nikasinzia kwenye kikao cha madeni, bosi akaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

Muda, ukiutafuta, unaokoteza tu: foleni ya Tabata peke yake ni darasa. Kinachotushinda sisi wa kuajiriwa ni kuacha. Hatuachi kikao cha harusi, hatuachi simu ya ofisi ya saa tatu usiku, na tukiingia kwenye mtihani hatuachi swali. Na sijawahi kufanya mtihani unaomkomoa asiyejua kuacha kama huu.

Kwa asiyeufahamu: ni mtihani wa kompyuta ambao shule nyingi za biashara za Marekani na Ulaya hupimia waombaji wa MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara. MBA nyingi za hapa nyumbani haziuulizi, na hata huko nje zipo shule zinazokusamehe, kwa hiyo hakikisha unauhitaji kabla hujatoa karibu dola 300. Tangu mwaka 2024 ni wa saa 2 na dakika 15, sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha 23, uchambuzi wa data 20. Insha waliitoa, jiometri nayo wakaitoa. Alama zinaanzia 205, mwisho 805. Ukigawanya, swali la hesabu linapata dakika 2 na sekunde 8, bila kikokotoo. Kikokotoo kipo kwenye sehemu ya data tu.

Hesabu zenyewe hazina maajabu. Namba tasa, shufwa na witiri, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), uwiano, asilimia. Mambo ya shule ya msingi, tuliyofundishwa kwa Kiswahili na fimbo ikiwa mezani. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nalisoma swali kwa Kiingereza chao kirefu, nakwama, halafu najiambia, "Aa, kumbe KDS!" na swali linalegea lenyewe. Ujanja huo ulinifaa kuliko video zote nilizopakua kwa bando la usiku.

Lakini kuna aina moja ya swali nataka nikae nayo kidogo, maana ndiyo iliyonifanya niuheshimu mtihani huu. Unapewa swali, halafu kauli mbili. Jibu hawalitaki. Wanachotaka useme ni kama kauli hizo zinatosha kulipata. Mfano, huu nautunga mwenyewe: soda moja ni shilingi ngapi? Kauli ya kwanza: soda 2 na maji chupa 3 ni shilingi 3,500. Kauli ya pili: soda 4 na maji chupa 6 ni shilingi 7,000.

Aliyezoea hesabu za shuleni anaruka juu. Vitu viwili visivyojulikana, milinganyo miwili, kazi kwisha! Anaanza kutoa na kugawanya, dakika zinayoyoma, mwisho anapata sifuri ni sawa na sifuri. Mimi siku ya kwanza nilifanya hivyohivyo. Siku ya pili, nikiwa ofisini napitia ankara za wasafirishaji, nikakuta mmoja ameleta ankara ileile mara mbili, ya pili imezidishwa tu, tarakimu zote zimekuwa mara mbili kamili. Nikacheka peke yangu. Kauli ya pili ni ya kwanza iliyozidishwa kwa mbili, haijaleta habari mpya hata moja. Soda inaweza kuwa 1,000 na maji 500, inaweza kuwa vyote 700. Kauli hazitoshi, hata ukiziunganisha. Kuanzia hapo aina hii ya maswali ikawa mboga kwangu, kwa sababu mhasibu analipwa kugundua karatasi isiyoongeza kitu. Ndiyo maana nakereka wakisema kazi ni kikwazo tu cha masomo.

Kikwazo changu kilitoka shuleni. Tumelelewa na mitihani inayosema "onyesha njia". Ukikosa jibu, unaambulia alama za njia, kwa hiyo tunang'ang'ana na swali mpaka kengele. Hapa njia yako haionwi na mtu. Unaiandika kwenye kidaftari cha plastiki kwa kalamu ya wino unaofutika, ukitoka unakiacha.

Mara ya kwanza kuufanya mtihani nilikutana na swali la 8, mchanganyiko wa maziwa na maji kwenye mapipa. Nilijua nalimudu. Nikalipa dakika sita. Kama nililipata au nililikosa sijui mpaka leo, ila najua maswali manne ya mwisho niliyabofya kwa kubahatisha, saa ikiwa nyekundu kichwani mwangu. Na kuna jambo sikulizingatia: mtihani unajipanga kadiri unavyojibu. Ukipatia, unaletewa gumu zaidi. Basi mimi kila nikiletewa gumu nilidhani nimeharibu, nikazidi kutetemeka, kumbe ilikuwa heshima. Nikatoka na 525.

Sheria inakuruhusu kurudia baada ya siku 16. Nilisubiri miezi mitatu, na miezi hiyo nikaanza kupunguza mizigo. Cha kwanza ilikuwa kamati ya harusi ya binamu yangu, nilikokuwa mweka hazina. Nilitoa mchango wangu mapema, nikauongezea kidogo, nikakabidhi daftari na kutoka kwenye grupu la WhatsApp. Mjomba alininunia wiki tatu. Shangazi, Mungu ambariki, alisema, "Mwacheni mtoto asome," na mimi nina miaka 34.

Cha pili, nikaacha ratiba za mtandaoni na kufuata kalenda ya TRA, mamlaka ya mapato. Kodi ya mishahara ina siku 7 baada ya mwezi kwisha, ritani ya VAT ni tarehe 20. Kati ya tarehe 1 na 20 akili yangu ni ya ofisi, nisidanganyane na mtu. Siku hizo nilikuwa sigusi mada mpya. Mchana nachukua chapati zangu naingia stoo ya mafaili, maswali kumi, nusu saa, basi. Kuanzia tarehe 21 ndiyo nasoma kwa kweli: kila jioni kwa muda wa saa moja na nusu, Jumamosi asubuhi yote, na kila mwezi jaribio moja kamili la dakika zote 135. Watayarishaji wanatoa majaribio mawili bure kwenye tovuti yao, usiyachezee kitandani.

Na daftari la makosa. Wengi huandika humo jibu sahihi, mimi niliandika sababu tu. Nalifungua sasa: "Julai 22, nimesoma 'angalau' kama 'zaidi ya'. Julai 24, haraka. Julai 25, haraka. Julai 25 tena, usingizi." Hesabu niliyokuwa siijui kabisa imejitokeza mara chache mno humo, na ile haraka imejaza kurasa. Nikajiwekea mpaka: dakika mbili na nusu zikipita sioni mlango, nachagua jibu moja, naweka alama, naondoka. Mwisho wa sehemu wanakuruhusu kurudi na kubadili majibu yasiyozidi matatu, kwa hiyo hata kuondoka kwenyewe si talaka.

Mara ya pili nilipata 615. Wapo watakaoiona ndogo, na kwa shule fulani kweli ni ndogo. Kwa zile tatu nilizoomba inatosha kunifikisha mezani, na maombi yao ya duru ya Januari yanafungwa kabla sijaanza kufunga hesabu za mwaka, jambo ambalo nililipangia makusudi.

Juzi dada mmoja wa idara ya mauzo, aliyenikuta stoo na chapati zangu, ameniuliza aanze lini naye. Nilitaka kumwambia aanze leo, nikakumbuka malengo yao ya mauzo yanafungwa tarehe 30. Nikamwambia tarehe 1, na kwamba stoo mchana ina nafasi ya watu wawili.