Taka za Naqab: Glavu Kwanza au Gari Kwanza?

Kusini mwa Israeli, katika jangwa la Negev ambalo Waarabu huliita Naqab, vijana wa Kibedui, yaani Waarabu ambao wazee wao walikuwa wafugaji wa kuhamahama, hufundishwa shuleni na katika vikundi vya mitaa kutenganisha taka, kisha huvaa glavu wakaenda kuzoa mabonde makavu yanayozunguka makazi yao. Ni rahisi kulisifu jambo hili bila kuuliza mifuko iliyojazwa hupelekwa wapi.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Mzee aliyelelewa katika hema la manyoya ya mbuzi alihama bila kuacha nyuma kitu ambacho jua na wadudu wasingekimaliza: kipande cha kamba ya sufu, mfupa, samadi. Kutupa nje ya hema hakukuwa uchafu. Plastiki ndiyo iliyokugeuza uchafu. Siku hizi mfuko mweusi hupeperushwa na upepo, ukanasa kwenye miiba, na mbuzi au ngamia akiumeza hauyeyuki, bali hujikusanya tumboni na mingine hadi mnyama akashindwa kula. Mtoto anayemweleza bibi yake hayo, akitaja mnyama wao wenyewe, amefanya kazi ambayo faini haiwezi.

Hata hivyo, hoja hiyo haina uzito uleule kila mahali. Rahat, mji wa Kibedui ulioanzishwa mwaka 1972 na wenye wakazi zaidi ya 70,000, una halmashauri yake, na mkazi anaweza kuidai huduma kama anavyoweza kudaiwa usafi. Lakini sheria ya mipango na ujenzi ya mwaka 1965 iliviacha vijiji vingi vya Kibedui nje ya ramani, na kijiji kisichotambuliwa na serikali hakipitiwi na gari la taka. Huko taka huchomwa, na moshi wa plastiki huingia katika nyumba za mabati. Wadi al-Na'am, mojawapo ya vijiji hivyo, kiko jirani na Ramat Hovav (sasa Neot Hovav), eneo la viwanda vya kemikali na kituo cha taka zenye sumu. Kumwambia mtoto wa hapo kwamba chupa aliyoidondosha ndiyo inayoharibu mazingira ni kumtwisha lawama isiyo yake.

Tena neno lenyewe, mazingira, lina historia chungu huko. Mwaka 1950 serikali ilipitisha sheria ya kulinda mimea iliyombana mfugaji wa mbuzi weusi, wale wale ambao manyoya yao yalifumwa kuwa mahema. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2018, baada ya kukubalika kwamba mbuzi hula vichaka vinavyochochea moto wa misitu. Mzee anayeguna asikiapo somo la mazingira hana ujinga, ana kumbukumbu.

Kwa maoni yangu kazi ya vijana isiachwe, ila somo lipanuliwe: anayejifunza kutenganisha taka ajifunze pia kuandika barua ya kudai kontena, na ajue ni ofisi gani ya kuipelekea. Rahat inaweza kuanza na glavu. Wadi al-Na'am ianze na kontena na ratiba ya gari, kwa sababu mifuko iliyojazwa Ijumaa na kuachwa kando ya barabara itararuliwa na mbwa, na isiporaruliwa, itachomwa.