Scott Carpenter na kilomita 400 zilizomfungia anga

Tarehe 24 Mei 1962 Scott Carpenter aliizunguka dunia mara 3 ndani ya Aurora 7, Mmarekani wa pili kufanya hivyo baada ya John Glenn. Akarudi mzima, lakini aliangukia Atlantiki kilomita 400 hivi mbele ya mahali alipongojewa, na kwa zaidi ya nusu saa Wamarekani hawakujua kama yu hai. Ndege ilimkuta ametulia juu ya mtumbwi wake wa mpira, kandokando ya chombo. Hakurushwa angani tena.

Chris Kraft, aliyeisimamia safari ile kutoka Cape Canaveral, hakumsamehe. Kwake Carpenter alikuwa rubani asiyesikia, aliyepumbazwa na mandhari huku mafuta yakimwishia. Shutuma hiyo ina mashiko. Zaidi ya mara moja Carpenter aliacha mifumo miwili ya kuongoza chombo ikifanya kazi kwa pamoja, ikateketeza mafuta maradufu. Vituo vya kufuatilia safari vilivyotandazwa duniani, kimojawapo Unguja, vilikuwa vikipokea takwimu za chombo, na wasimamizi walimhimiza abane matumizi. Hata katika mzunguko wa mwisho alikuwa bado akigonga ukuta wa chombo ili kuchunguza vile vimulimuli, yaani vichembe vinavyong'aa nje ya chombo, alivyoviona Glenn. Akabaini ni chembe za barafu zinazobanduka nje. Ugunduzi mzuri, ila saa yake ilikuwa mbaya.

Hata hivyo, mafuta ni jambo moja na zile kilomita 400 ni jingine, na hapa ndipo wanaomlaumu huchanganya mambo. Kifaa cha kusoma upeo wa macho, kinachoonyesha chombo kimeelekea wapi, kilikuwa kibovu. Roketi za breki zilipowashwa, chombo kilikuwa kimepinda pembeni kwa nyuzi 25 hivi, na upindo huo peke yake ulimsogeza karibu kilomita 280. Roketi zenyewe zilisukuma pungufu ya ilivyotarajiwa, zikaongeza kama 100. Mfumo wa kujiendesha haukuziwasha, akalazimika kubonyeza kitufe mwenyewe, akachelewa sekunde 3: hizo ni kilomita 25 tu. Mtu aliyeshuka kwa mkono, kifaa kikimdanganya na mafuta yakikatika njiani, akafika hai, simwiti mzembe.

Kuna aliyewajibika pia kwa ratiba. Carpenter alipewa puto la kufungua angani, majaribio ya kimiminika na picha za kupiga, yote ndani ya saa zisizofika 5. Wally Schirra, aliyemfuata Oktoba mwaka huohuo, alipunguziwa majaribio na kuongezewa swichi ya kuzima vichocheo vikubwa vinavyokula mafuta. Akarudi na akiba tele na kusifiwa kwa nidhamu. Alistahili sifa, lakini alirushwa na chombo kilichokwisha kurekebishwa kwa yaliyomkuta mwenzake.

Wala si haki kumtwika Kraft lawama yote ya Carpenter kutorushwa tena. Mwaka 1964 Carpenter alianguka na pikipiki huko Bermuda, akaumia mkono kiasi cha kumwondolea sifa ya kuruka. Mwaka uliofuata alikaa karibu mwezi mzima chini ya bahari ya California, katika nyumba ya majaribio ya jeshi la wanamaji iitwayo Sealab II. Kule udadisi wake ulihesabiwa kuwa ni kazi.