Panga la Mwenye Nyumba

Hapa Masasi, wakati wa kupalilia mikorosho, panga hutembea ndani ya ala hadi shambani, maana likiachwa wazi humkata hata mwenyewe. Katika miaka yangu ya kufundisha biolojia sijapata mfano unaoeleza vizuri zaidi namna bakteria wa ugonjwa wa Lyme, Borrelia burgdorferi, anayeenezwa na kupe wa Marekani na Ulaya, anavyosambaa mwilini.

Damu yetu hubeba plazminojeni, kimeng'enya kilicholala, ambacho kikiamshwa hugeuka plazmini na kuyeyusha damu iliyoganda. Hilo ndilo panga letu lililo alani. Protini zilizo juu ya utando wa bakteria huyu, zikiwemo OspA na OspC, hulinasa panga hilo likingali limelala. Kisha kimeng'enya kingine, ambacho nacho ni chetu, hulichomoa. Vizuizi vya damu, ambavyo kwa kawaida huidhibiti plazmini mara moja, huipata kwa shida ikiwa imeshikamana na bakteria, naye hupita akikata nyuzi za protini zinazoshikilia tishu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulitumia panya wasio na plazminojeni. Kupe walipowanyonya, bakteria walishindwa kusambaa vizuri ndani ya kupe wenyewe, kwa kuwa hata humo panga hufika pamoja na damu iliyonyonywa. Jambo hilo hunishangaza kila ninapolifikiria.

Ndiyo maana naamini tunakosea tunapowaachia wanafunzi wakariri kwamba bakteria hudhuru kwa sumu, basi. Borrelia burgdorferi hajulikani kutoa sumu. Mwanafunzi aliyeishia kwenye sumu hataelewa kwa nini si rahisi kumzuia kwa dawa ya kuzima plazmini, ambayo ingemnyima mgonjwa kinga yake dhidi ya damu kuganda ovyo.

Wala somo hili si la ughaibuni peke yake. Borrelia recurrentis, anayeenezwa na chawa wa mwili, ana protini iitwayo HcpA inayonasa plazminojeni vilevile, na ndugu yao mwingine, Borrelia duttonii, huletwa na papasi wanaojificha katika nyufa za nyumba za udongo, akasababisha homa ya vipindi ambayo ni rahisi kuidhania malaria. Kwa hiyo mimi huanza na papasi, ambaye wanafunzi wangu wanamjua kwa jina, ndipo nichore ubaoni panga na ala yake.