Tove Jansson: je, Moomin ndio waliomnyang'anya kuta?

Ukimtaja Tove Jansson, wengi huwafikiria Moomin: wale viumbe weupe, wanene, wenye pua kama ya kiboko, aliowaandikia na kuwachorea vitabu tisa kati ya 1945 na 1970. Wachache wanajua kwamba mwanamke huyu wa Helsinki, aliyezaliwa 1914 na kufariki 2001, alichora pia kuta za mgahawa, za kantini ya kiwanda, za chekechea na za hospitali. Oktoba 2024 makumbusho ya sanaa ya jiji lake, HAM, yalifungua maonyesho makubwa ya michoro hiyo ya ukutani, pamoja na rasimu za mkaa zenye ukubwa uleule wa kuta zenyewe. Ukiona kazi nzito namna hiyo iliyokaa miaka mingi kivulini mwa katuni, ubishi wa zamani lazima uamke: mchoraji wa vitabu vya watoto ndiye aliyemmeza msanii wa kuta?

Wanaosema ndiyo hawabahatishi. Jansson alisomea uchoraji Stockholm, kisha Helsinki, kisha Paris, na maisha yake yote alijiona mchoraji kwanza, mengine baadaye. Vita vilipokwisha, Finland ilikuwa inajenga upya, na majengo mapya yalihitaji mapambo. Kazi zikaja mfululizo. Mwaka 1945 alichora kantini ya Strömberg, kiwanda cha vifaa vya umeme, na 1947 kuta mbili za mgahawa wa jengo la halmashauri ya jiji la Helsinki. Mwaka 1949 ikafuata chekechea mjini Kotka, na 1952 alichora kuta mjini Hamina. Alichora hata picha ya madhabahu ya kanisa la Teuva, ile ya wanawali kumi. Ndipo 1954 gazeti la jioni la London, Evening News, likaanza kuchapa Moomin kama katuni ya kila siku, kwa mkataba wa miaka saba. Siku sita kwa wiki, wiki baada ya wiki, mkono uliozoea ukuta wa mita kadhaa ukabanwa kwenye visanduku vitatu au vinne. Baada ya Moomin aliowachora katikati ya miaka ya 1950 kwenye ngazi za hospitali ya watoto ya Aurora, kazi za kuta zikawa adimu.

Ukizipanga tarehe hizo namna hiyo, kesi inaonekana imekwisha. Mimi naona haijaisha, na sababu ya kwanza iko nyumbani kwao.

Baba yake, Viktor Jansson, alikuwa mchongaji sanamu. Jina la msanii pale nyumbani lilikuwa lake. Mama yake, Signe Hammarsten, alikuwa mchoraji wa magazeti, majalada na stempu za posta za Finland, kazi aliyoifanya kwa miongo. Sanamu huagizwa leo, na agizo lingine likaja baada ya miaka. Mshahara wa kutegemewa ulitoka kwenye kalamu ya mama. Kwa hiyo ile ngazi tunayoichukulia kuwa ya asili, kwamba sanamu na ukuta ni sanaa kubwa na mchoro wa gazeti ni kazi ya kujikimu, ndani ya familia hii ilikuwa pia ngazi ya mwanamume na mwanamke. (Hata kwetu, anayechora vitabu vya shule huitwa mtu wa katuni, na msanii ni yule mwenye maonyesho.) Anayelia kwamba Tove alishuka kutoka ukutani hadi kwenye kurasa amekwishakubali ngazi hiyo bila kuikagua.

Tuzitazame basi kuta zenyewe, hasa zile mbili za 1947. Moja ni karamu ya shambani, nyingine karamu ya mjini, zote zimechorwa kwenye plasta mbichi. Mbinu hiyo haina subira: plasta ikikauka kabla hujamaliza, unabandua kipande na kuanza upya. Katika karamu ya mjini watu wamevaa kifahari, wanacheza dansi. Katikati yuko Vivica Bandler, mwanamke ambaye Tove alimpenda wakati ambapo mapenzi ya aina hiyo yalikuwa kosa la jinai Finland, na yakabaki hivyo hadi 1971. Mbele kabisa amekaa Tove mwenyewe mezani, sigara mkononi, dansi iko nyuma yake. Na pale mezani, karibu na glasi, amesimama Moomin mdogo sana, wa kupitwa na macho ukiwa na haraka.

Kuna kichekesho ndani yake: baba yake Vivica, Erik von Frenckell, alikuwa naibu meya wa jiji lililolipia kazi hiyo. Siri nzima ikawekwa ukutani mwa jengo la serikali ya mji, watu wakala chakula chao chini yake. Anayesema kwamba Moomin na kuta zilikuwa kazi mbili zinazogombana amueleze huyu mdogo pembeni ya glasi. Tayari yumo, miaka saba kabla ya London.

Hata hivyo sitaki kuzipaka kuta hizo sukari. Upungufu wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba ni za kupendeza mno. Mwaka 1947 Finland ilikuwa bado inaulipa Muungano wa Kisovieti fidia za vita, bidhaa zikiwa za mgao, na ukutani kuna maua na gauni za dansi. Unaweza kuwatetea waliozitaka hivyo: watu waliochoka na vita walihitaji kuona karamu. Lakini mwanamke huyohuyo alikuwa mmoja wa wachoraji wakali kabisa wa kejeli nchini mwake. Katika jarida la Garm, 1938, alimchora Hitler kama mtoto mdeko anayelilia keki huku watu wazima wakimzunguka na kumpa zaidi. Hakusubiri vita vianze ndipo apate ujasiri.

Basi meno yale yalikwenda wapi alipopanda ukutani? Hayakung'olewa na Moomin. Mwenye ukuta ndiye mwenye neno. Kiwanda kilitaka sifa ya umeme, na mgahawa ulitaka wateja wenye raha. Jarida lenye kurasa ndogo lilimwachia nafasi ya kumcheka dikteta. Ukuta ulimruhusu afiche mambo yake ya moyoni, si kumuudhi mlipaji. Na hata Moomin wanaodharauliwa kwa kuwa wa watoto walianza na mafuriko na familia inayomtafuta baba aliyepotea, kisha 1946 wakaja na nyota yenye mkia inayotishia kuiangamiza dunia. Hofu ya vita imo humo wazi kuliko kwenye plasta yoyote aliyoichora.

Tena ukuta si wa milele kama wapenzi wake wanavyodhani. Zile karamu mbili hazikubaki mgahawani zilipochorewa. Zilihamishwa, na leo anayetaka kuziona anaingia HAM. Vitabu havikuhitaji kuokolewa na makumbusho.

Kuna sehemu moja ambapo waombolezaji wana haki, nami nawapa bila kubishana: ile miaka ya katuni ya kila siku. Mdogo wake Lars alimsaidia, na mwishowe akairithi kazi yote tangu 1960, akaichora hadi 1975. Tove alikuwa amechoka nayo kweli. Akarudi kwenye rangi za mafuta, na akakuta sanaa ya dhahania ndiyo inayotamba. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, umri ambao mchoraji wa kuta huwa na mkono mzuri na miguu ambayo bado inapanda jukwaa. Alichopoteza hapo ni kikubwa. Lakini deni hilo liandikwe kwenye jina lake sahihi: mkataba na gazeti lenye pengo la kujazwa siku sita kwa wiki. Moomin walikuwepo kabla ya mkataba ule, na aliporudi kwao katika vitabu vya 1965 na 1970 aliandika kazi zenye upweke na uzito ambao mgahawa wowote wa halmashauri ungeukataa.